Diatomu za Maji Baridi na Pengo la Mpale: Historia ya Utafiti wa Mwani wa Silika Afrika Mashariki, 1820–2016

Ikisiri

Insha hii inachunguza jinsi elimu ya diatomu za maji baridi ilivyojengeka Afrika Mashariki tangu karne ya 19, na kueleza kwa nini maeneo ya vijito vya milimani kama Mpale, mkoani Tanga, yalibaki nje ya elimu hiyo. Hoja kuu ni kwamba pengo hilo halikutokana na umaskini wa viumbe katika maji ya Mpale, bali limetokana na mambo matatu ya kihistoria: njia walizopita wakusanyaji, maswali waliyokuja nayo, na mahali walipohifadhi vielelezo vyao. Insha inaonyesha kuwa pengo hilo lina gharama ya kiutendaji leo, kwa kuwa mabadiliko ya ubora wa maji katika bonde la Mto Pangani yanapimwa bila kumbukumbu ya hali iliyokuwapo kabla ya mashamba ya mkonge, mabwawa na ongezeko la watu. Mwisho, insha inapendekeza misingi ambayo orodha ya kwanza ya diatomu za Mpale inapaswa kuizingatia ili isirudie kasoro za tafiti zilizotangulia.

1.0 Utangulizi

Diatomu ni mwani wa seli moja unaoishi baharini, maziwani, mitoni, kwenye chemchemi na hata juu ya udongo wenye unyevu. Kinachoutofautisha na mwani mwingine ni ukuta wa seli uliojengwa kwa silika, kemikali ileile inayounda kioo na mchanga. Ukuta huo una vipande viwili vinavyofunikana mfano wa kopo na mfuniko wake, na kila spishi ina mpangilio wake wa mistari, vitundu na mifereji. Mtu asiye na hadubini huzitambua diatomu kwa athari yake tu: ule utelezi wa rangi ya kahawia juu ya mawe ya kijito, unaomfanya mchota maji apime hatua zake, kwa sehemu kubwa ni makazi yao.

Udogo wao haulingani na kazi wanayoifanya. Inakadiriwa kuwa diatomu hufanya takriban asilimia 20 ya usanisinuru wote duniani. Katika vijito, ni chakula cha msingi cha wadudu wa majini, konokono na viluwiluwi. Aidha, kwa kuwa kila spishi huvumilia kiwango fulani cha chumvi, tindikali na virutubisho, mkusanyiko wa spishi juu ya jiwe moja hueleza hali ya maji ya wiki kadhaa zilizopita, jambo ambalo kipimo cha kemikali cha siku moja hakiwezi kulieleza. Zaidi ya hayo, kuta za silika haziozi upesi. Hubaki ndani ya tope kwa maelfu ya miaka, na hivyo diatomu ni kiumbe hai na vilevile ni nyaraka ya kihistoria.

1.1 Tatizo la Insha

Katika maandiko ya kisayansi, ni desturi kuliita eneo fulani kuwa "halijachunguzwa vya kutosha" kana kwamba hiyo ni sifa ya asili ya eneo hilo, kama mwinuko au mvua yake. Insha hii inakataa mtazamo huo. Eneo huwa halijachunguzwa kwa sababu watu fulani, kwa wakati fulani, walikwenda mahali pengine. Kwa hiyo swali linaloongoza insha hii ni la kihistoria: wataalamu wa diatomu walikwenda wapi Afrika Mashariki, walitafuta nini, na uchaguzi wao umeiathiri vipi elimu tuliyonayo kuhusu maji ya mahali kama Mpale?

1.2 Vyanzo na Mbinu

Insha imejengwa juu ya uchambuzi wa kazi kuu zilizochapishwa kuhusu diatomu za Afrika Mashariki, kuanzia ripoti za misafara ya Wajerumani na Waingereza hadi miongozo ya utambuzi ya karne hii. Kazi hizo zimesomwa kwa kuzingatia mambo manne: eneo lililokusanywa sampuli, aina ya maji, lengo la utafiti na hatima ya vielelezo. Historia ya matumizi ya ardhi na maji ya Korogwe na Handeni imetumika kama muktadha wa kupima uzito wa pengo linalojadiliwa.

2.0 Mpale na Maji Yake

Mpale iko katika Wilaya ya Korogwe, mkoani Tanga, upande wa Milima ya Usambara. Vijito vya upande huu wa milima huteremka kuelekea bonde la Mto Pangani, ambao njiani hupokea pia maji ya Mkomazi na Lwengera. Ng'ambo ya mto, kuelekea kusini, ardhi inafunguka kuwa tambarare na vilima vya Handeni, nchi ya Wazigua, ambako mito mingi hutiririka kwa msimu na wakazi wametegemea kwa muda mrefu visima na malambo.

Kwa mtaalamu wa diatomu, mpangilio huu una thamani ya pekee. Milima ya Usambara imejengwa kwa miamba ya kale sana iliyogeuzwa kwa joto na mgandamizo, ambayo huyeyuka polepole. Kwa sababu hiyo, vijito vyake kwa kawaida hubeba chumvi kidogo. Katika maji laini ya namna hiyo hutarajiwa jenasi kama Eunotia na Frustulia. Mto Pangani wenyewe, kwa upande mwingine, huanzia katika miteremko ya Kilimanjaro na Meru, milima ya volkano, na huleta maji yenye chumvi za sodiamu na bikaboneti nyingi zaidi. Malambo ya tambarare nayo hukaushwa na jua hadi chumvi zake zikajikusanya, mazingira yanayofaa spishi nyingi za Nitzschia. Hivyo, ndani ya mwendo wa siku moja kwa miguu, mtafiti anaweza kupita kutoka maji laini ya msituni hadi maji ya tambarare yenye madini mengi. Ni vigumu kusema kuwa eneo la namna hiyo liliachwa kwa sababu halikuwa na la kuonyesha.

3.0 Wakati wa Misafara, 1820–1914

Mwanzilishi wa utafiti wa viumbe wa hadubini barani Afrika ni Christian Gottfried Ehrenberg wa Berlin. Kati ya 1820 na 1825 alisafiri Misri, Nubia na pwani ya Bahari ya Shamu pamoja na mwenzake Wilhelm Hemprich, aliyefariki Massawa mwaka 1825. Ehrenberg aliwaona viumbe hawa kuwa wanyama wadogo, na kitabu chake kikubwa cha 1854 kuhusu jiolojia ya viumbe vidogo kilikusanya vielelezo kutoka pande nyingi za dunia. Alichokiacha kwa waliomfuata ni utaratibu wa kazi: msafiri hukusanya, chupa husafirishwa, na mtaalamu aliyeketi Ulaya hutoa majina.

Utaratibu huo ndio uliotumika katika Afrika Mashariki ya Kijerumani. Kati ya 1898 na 1900, msafara wa Ziwa Nyasa na milima ya Ukinga, uliogharamiwa na wakfu wa Wentzel wa Berlin, ulikusanya mimea na viumbe wa majini. Miongoni mwa wakusanyaji alikuwamo Friedrich Fülleborn, daktari wa jeshi la koloni. Sampuli zake zilimfikia Otto Müller, aliyechapisha matokeo kwa sehemu kati ya 1903 na 1911. Kazi ya Müller ndiyo msingi wa elimu ya diatomu ya Tanzania. Humo ndimo zilimoelezwa Melosira nyassensis, ambayo leo huitwa Aulacoseira nyassensis, na Surirella fuellebornii. Jina la kwanza linalitaja ziwa, na la pili linamtaja mkusanyaji.

Waingereza nao walikuwa na swali lao. Mtaalamu wa wanyama J. E. S. Moore alikuwa amedai, baada ya safari zake za miaka ya 1890, kwamba Ziwa Tanganyika ni mabaki ya bahari ya kale. Ili kulipima dai hilo, William Cunnington alitumwa katika Msafara wa Tatu wa Tanganyika, 1904–1905, na akakusanya pia katika Nyasa na Viktoria. Mwani wake ulichambuliwa na G. S. West, aliyetoa ripoti ndefu mwaka 1907. Hapa inaonekana wazi jinsi swali linavyochagua mahali: kwa kuwa hoja ilikuwa asili ya maziwa makuu, hapakuwa na sababu ya kuchota kijito cha Usambara.

Jambo la kushangaza ni kwamba Usambara haikuwa mahali pa mbali kwa sayansi ya wakati huo. Ua lililokuja kupendwa madirishani mwa nyumba za Ulaya, Saintpaulia, lilielezwa kisayansi mwaka 1893 kutokana na mimea iliyotoka katika milima hii. Adolf Engler, mkuu wa bustani ya mimea ya Berlin, alifika mwenyewe Usambara mwaka 1902, na mwaka huohuo ilianzishwa taasisi ya utafiti wa biolojia na kilimo huko Amani. Reli iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893 ilifika Korogwe mwaka 1902 na Mombo mwaka 1905. Wataalamu, maabara na njia za usafiri vilikuwapo. Lakini Amani iliundwa ili kuhudumia kilimo cha mashamba makubwa: mpira, kahawa, kwinini na mkonge. Mimea yenye maua na miti ya mbao ilikuwa na soko, na mwani wa mawe ya kijitoni haukuwa nalo.

Kazi ya kipindi hiki inayolikaribia zaidi suala letu ni ya Bruno Schröder, aliyekusanya mimea ya seli moja katika safari ya kitaaluma ya 1910. Diatomu zake alikabidhiwa Friedrich Hustedt, mwalimu wa shule kutoka Bremen aliyekuja kuwa mtaalamu mashuhuri kuliko wote wa karne ya 20 katika fani hii. Vita vilichelewesha uchapishaji, na matokeo yalitoka mwanzoni mwa miaka ya 1920. Katika kazi hiyo Hustedt alieleza Achnanthes subhudsonis, diatomu ndogo ya maji yanayotiririka, ambayo sasa imewekwa katika jenasi Achnanthidium na imeripotiwa hata katika mito ya Ulaya. Mfano huu una funzo. Spishi iliyopata jina lake kutokana na sampuli za Afrika Mashariki imekuja kuwa na umuhimu kwa wapima maji wa nchi za mbali. Sampuli chache tu zilitoa jambo jipya. Tafsiri sahihi ya hilo ni kwamba mito ya Afrika Mashariki ilikuwa na mengi ambayo bado hayajaandikwa.

4.0 Maziwa na Hifadhi, 1918–1961

Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Tanganyika iliingia chini ya Uingereza, na Amani ikawa kituo cha utafiti wa kilimo cha Afrika Mashariki hadi shughuli hizo zilipohamishiwa Kenya. Baadaye majengo yake yalitumika kwa utafiti wa malaria. Utafiti wa maji baridi ulichukua mkondo mwingine, ule wa uvuvi. Penelope Jenkin alichunguza maziwa ya Bonde la Ufa nchini Kenya mwaka 1929. Msafara wa Cambridge ulifuata 1930–1931 chini ya E. B. Worthington, na Florence Rich akachapisha uchambuzi wa mwani wa maziwa hayo. Mwaka 1947 shirika la utafiti wa uvuvi wa maji baridi la Afrika Mashariki lilipata makao Jinja, Uganda. Ni huko Jinja ambako John Talling, mwanzoni mwa miaka ya 1960, alifuatilia mwaka mzima wa Ziwa Viktoria na kuonyesha jinsi wingi wa diatomu unavyopanda pale pepo zinapoyachanganya maji ya juu na ya chini.

Upande wa Kongo ya Kibelgiji, mkusanyaji mkuu alikuwa Hubert Damas, aliyefanya kazi katika Hifadhi ya Taifa ya Albert mwaka 1935–1936. Hustedt alichapisha diatomu za msafara huo mwaka 1949, naye Zanon alikuwa ameandika kuhusu diatomu za Kivu mwaka 1938. Kitabu cha Hustedt cha 1949 kiligeuka kuwa rejea ya lazima kwa yeyote aliyetaka kutaja diatomu ya Afrika ya kati na mashariki.

Kipindi hiki kiliongeza sana kina cha elimu, lakini hakikupanua ramani yake kwa kadiri hiyohiyo. Ziwa lina samaki wa kuuzwa, na hifadhi ya taifa ina mipaka na bajeti. Kijito cha kijiji hakikuwa na idara iliyokisemea. Wakati huohuo, ardhi ya Korogwe ilikuwa ikibadilika kwa kasi. Mkonge, ulioletwa na Richard Hindorf mwaka 1893, ulikuwa umefikia mauzo ya nje ya takriban tani 20,000 kwa mwaka ifikapo 1913. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 uzalishaji wa nchi ulizidi tani 200,000. Nyuzi ni takriban asilimia 4 tu ya uzito wa jani la mkonge. Hii ina maana kuwa tani 200,000 za nyuzi hutokana na majani ya karibu tani milioni 5, na sehemu kubwa ya masalia hayo huoshwa kwa maji katika viwanda vya kusindika mkonge. Maji hayo, yenye tindikali na mzigo mkubwa wa vitu vinavyooza, yalikuwa na njia moja ya kawaida ya kuondokea, nayo ni mifereji na mito. Juu ya hayo, umeme wa maporomoko ya Pangani ulianza kuzalishwa katika miaka ya 1930, na kituo cha Hale kikafuata mwaka 1964.

Mabadiliko haya yote yalipita bila mtu kuweka kando chupa ya maji na utelezi wa mawe kwa ajili ya kulinganisha. Hapa ndipo kimya cha wataalamu wa diatomu kinapoanza kuwa hasara ya umma, wala si upungufu wa orodha za kitaaluma pekee.

5.0 Tope na Historia ya Hali ya Hewa, 1960–2002

Kuanzia miaka ya 1960 swali lilibadilika tena. Wanasayansi walioongozwa na kazi za Daniel Livingstone walianza kuchimba mihimili ya tope kutoka chini ya maziwa ya Afrika ili kusoma hali ya hewa ya kale. Jonathan Richardson alitumia diatomu za Ziwa Naivasha kueleza historia ya ziwa hilo katika kazi iliyochapishwa mwaka 1972. Robert Hecky na Peter Kilham walionyesha mwaka 1973 jinsi diatomu zinavyogawana maziwa ya magadi kulingana na kemia yake. Françoise Gasse, Talling na Kilham waliainisha jamii za diatomu za Afrika Mashariki mwaka 1983, na mwaka 1986 Gasse alichapisha monografia yake ya taksonomia na ikolojia. Mwaka 1995 yeye na wenzake walitoa milinganyo ya kukadiria kemia ya maziwa ya kale ya Afrika kutokana na diatomu zake.

Mafanikio ya kipindi hiki ni makubwa. Kupitia Naivasha, Dirk Verschuren na wenzake walionyesha mwaka 2000 mfuatano wa ukame na mvua katika miaka 1,100 iliyopita. Kupitia tope la Ziwa Viktoria, walionyesha mwaka 2002 kwamba kuharibika kwa ziwa hilo kulianza zamani kuliko ilivyodhaniwa, sambamba na ongezeko la watu na kilimo katika bonde lake. Aulacoseira, zilizotawala plankitoni wakati wa Talling, ziliachia nafasi diatomu nyembamba za jenasi Nitzschia na mwani wa kijani-bluu. Ushahidi huo ulipatikana kwa sababu mbili: tope lilitunza kumbukumbu, na kulikuwa na orodha za zamani za kulinganishia.

Vijito vya Mpale havina faida hizo. Mto hauweki tope kwa utulivu kama ziwa, kwani kila masika huja na kufagia. Kwa hiyo katika mto, orodha iliyoandikwa na slaidi iliyohifadhiwa ndiyo kumbukumbu pekee inayoweza kutegemewa. Eneo lisilo na ziwa na lisilo na orodha limekosa historia yake ya maji kwa namna zote mbili.

6.0 Kurejea Mitoni

Katika miongo ya karibuni mkazo umeanza kurudi kwenye maji yanayotiririka. Orodha ya mwani wa maziwa makuu iliyotolewa na Christine Cocquyt, Wim Vyverman na Pierre Compère mwaka 1993, pamoja na kitabu cha Cocquyt cha 1998 kuhusu diatomu za kaskazini mwa Ziwa Tanganyika, viliweka sawa majina yaliyokuwa yametawanyika. Mwaka 2006 Bellinger, Cocquyt na O'Reilly walichunguza diatomu za vijito vinavyoingia Ziwa Tanganyika kama viashiria vya urutubisho wa maji, na mwaka huohuo watafiti nchini Kenya walichapisha matokeo ya mto wa mjini Nairobi. Afrika Kusini ilitoa mwongozo wenye picha mwaka 2007, na mwaka 2016 Jonathan Taylor na Cocquyt walichapisha mwongozo wa jenasi za mabonde ya Kongo na Zambezi. Kwa miongozo hiyo, mwanafunzi wa Afrika aliweza kujifunza utambuzi wa diatomu kwa picha za diatomu za Afrika.

Upande wa usimamizi, Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 iliimarisha bodi za mabonde, likiwamo bonde la Pangani. Mfumo wa Tanzania wa kupima afya ya mito, TARISS, uliochapishwa mwaka 2015, uliundwa kwa kutumia wadudu na wanyama wengine wadogo wa majini. Mfumo huo ni hatua muhimu, na unathibitisha kwamba kipimo cha kibiolojia kinaweza kurekebishwa kulingana na mito ya nchi hii. Diatomu zinaweza kuukamilisha, kwa kuwa hujibu moja kwa moja mabadiliko ya virutubisho na chumvi, ilhali wadudu huathiriwa pia na mwendo wa maji na aina ya makazi.

7.0 Mjadala

7.1 Sababu za Pengo

Hakuna hata moja kati ya kazi kuu zilizopitiwa hapa iliyoichukua Mpale kuwa eneo lake la utafiti. Historia iliyoelezwa inatoa sababu tatu. Ya kwanza ni njia: sampuli zilifuata misafara na maziwa. Ya pili ni maswali: asili ya maziwa, uvuvi, na kisha hali ya hewa ya kale, yote yaliwapeleka watafiti kwenye maji yaliyotuama. Ya tatu ni hifadhi: vielelezo vya msingi viliwekwa Ulaya. Mkusanyiko wa Hustedt, kwa mfano, uko Bremerhaven, na ulifikika kwa urahisi zaidi baada ya Reimer Simonsen kutoa katalogi yake ya majuzuu matatu mwaka 1987. Mtafiti wa Tanga aliyetaka kuhakikisha jina alilazimika kusafiri au kutegemea michoro ya zamani.

Inaweza kupingwa kwamba pengo hili si kubwa, kwa sababu diatomu nyingi zinapatikana duniani kote na orodha ya Mpale ingerudia majina yanayojulikana. Hoja hii ina nguvu kiasi, kwani spishi kama Gomphonema parvulum huripotiwa karibu kila bara. Hata hivyo, ina udhaifu wa msingi. Mtafiti anayetumia vitabu vya Ulaya peke yake hupata majina ya Ulaya, kwa kuwa kitabu hakina mengine ya kumpa. Matokeo yake yanathibitisha kile alichokidhani tangu awali. Hadubini ya elektroni imekwisha kuonyesha mara nyingi kuwa jina moja lililotumika kote lilificha spishi kadhaa zilizo karibu. Kuenea kwa spishi ni jambo la kuthibitishwa kwa picha na vipimo, haliwezi kuchukuliwa kuwa kanuni ya kuanzia.

7.2 Gharama ya Pengo

Gharama inaonekana wazi katika uhusiano wa Korogwe na Handeni. Bomba kuu la Handeni, linalojulikana kwa kifupi HTM, limekuwa likichota maji ya Mto Pangani upande wa Korogwe na kuyapeleka kwa wakazi wa Handeni. Maji ya mto huo ni jumla ya maji ya vijito vyote vinavyouingia. Kijito cha juu kikipokea udongo wa mashamba yaliyolimwa kwenye miteremko, mbolea au maji taka, mzigo huo huteremka. Msimamizi wa maji anayetaka kujua kama hali imezorota anahitaji kujua ilikuwaje. Bila orodha ya awali, kila kizazi kitaichukua hali iliyoikuta kuwa ndiyo hali ya asili.

7.3 Misingi ya Orodha ya Kwanza ya Mpale

Kutokana na historia hii, utafiti wa diatomu za Mpale unapaswa kuzingatia mambo manne. Kwanza, vituo vifuate maji kutoka chemchemi hadi vijito vya chini na kuvuka hadi malambo ya Handeni, ili tofauti za miamba na matumizi ya ardhi zionekane. Sampuli zichukuliwe wakati wa kiangazi na baada ya masika na vuli, kutoka juu ya mawe, kwenye mimea na ndani ya tope. Pili, kila sampuli iambatane na vipimo vya joto, tindikali, kiwango cha chumvi, nitrojeni, fosforasi na silika, kwa kuwa orodha ya majina bila kemia ya maji haiwezi kutumika katika usimamizi. Kasoro hiyo ndiyo inayopunguza thamani ya nyingi kati ya sampuli za zamani.

Tatu, slaidi na sehemu ya sampuli iliyosafishwa zihifadhiwe nchini, katika hebaria ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam au Hebaria ya Taifa iliyoko Arusha, na nakala zipelekwe kwenye makusanyo ya nje kwa ulinganisho. Hapo mwelekeo wa karne ya 20 utakuwa umegeuzwa: kielelezo kitabaki karibu na mto kilikotoka. Nne, spishi zisizolingana na maelezo yaliyochapishwa zisilazimishwe kuingia katika majina yaliyopo. Zipewe namba, zipigwe picha na kupimwa, zisubiri uamuzi. Orodha yenye majina machache ya uhakika na namba kadhaa zinazosubiri ni msingi imara kuliko orodha ndefu ya majina ya kukisia.

Inafaa pia kuwahusisha wakazi wanaoishi na vijito hivyo. Wao ndio wanaojua chemchemi ipi haikauki, kijito kipi kilibadilika rangi na lini, na wapi utelezi uliwahi kuwa wa kahawia na sasa ni wa kijani. Katika eneo lisilo na maandishi, kumbukumbu hiyo ni chanzo cha kihistoria kinachostahili kurekodiwa kwa utaratibu uleule unaotumika kwa vyanzo vingine.

8.0 Hitimisho

Historia ya diatomu za Afrika Mashariki ni historia ya maziwa. Kutoka kwa Müller hadi Gasse, maji yaliyotuama yalivuta misafara, fedha na hoja, na yakalipa kwa elimu ya thamani kubwa kuhusu hali ya hewa na afya ya maziwa hayo. Vijito vya Usambara vilipitwa ingawa reli, taasisi na wanabotania mashuhuri vilikuwa karibu navyo. Kwa hiyo, Mpale kuwa eneo lisilochunguzwa ni matokeo ya uchaguzi, na uchaguzi unaweza kubadilishwa.

Orodha ya kwanza ya diatomu za Mpale haitarudisha hali ya maji ya kabla ya 1893. Itakachofanya ni kuweka alama mahali tulipo, kwa vielelezo vitakavyoweza kukaguliwa na wengine, ili mtafiti wa miaka 50 ijayo awe na kitu cha kulinganisha. Kwa bonde ambalo maji yake yanagawanywa kati ya mashamba, mitambo ya umeme na mabomba ya vijiji, alama hiyo ni haja ya wanataaluma na vilevile ya wanaokunywa maji hayo.